Jinsi Kigari cha Da Mwajuma Kilivyovuka Ziwa na Vifurushi Ishirini na Sita

Mmeniuliza wengi mno. Mmeniuliza sokoni Mwanga nikichagua nyanya, kinyozi ameniuliza wembe ukiwa shingoni kwangu, na juzi mmoja wenu kaniuliza mlangoni mwa msikiti nikitafuta ndala zangu. Kila mtu nimemsimulia kipande, na vipande hivyo vimeshakutana mitaani vikagombana. Kuna wanaosema nilitiwa pingu Kongo. Kuna wanaosema gari lilizama na mimi nikaogelea mpaka nyumbani. Hakuna pingu, na kuogelea mnajua nilivyo. Naandika mara moja, msome wote, halafu mniache na nyanya zangu.

Habari za makaratasi naziruka. Yalikuwa mengi, hata bahasha ilihitaji bahasha yake. Ninachotaka kuwaeleza ni yale yaliyotokea kati ya karatasi na karatasi.

Kwa msiomjua: Da Mwajuma ni dada yangu mkubwa, tumbo moja. Polio ilimchukua miguu yote miwili akiwa mdogo sana, akakulia migongoni mwetu. Aliolewa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na fundi viatu mmoja mpole, shemeji yetu Kabeya, ambaye tangu harusi yao anampeleka kila mahali kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Mwaka jana Da Mwajuma alikuja kukaa kwetu Kasingirima, hapa Kigoma, miezi mitatu. Ndugu wote tukachanga, tukapata kigari cheupe cha otomatiki, kidogo kiasi kwamba mkikaa wanne inabidi mpumue kwa zamu. Fundi mmoja wa Mwanga akakifungia mkono wa chuma kando ya usukani: ukiuvuta gari linakwenda, ukiusukuma linasimama. Hakihitaji mguu hata mmoja. Dada akajifunzia uwanjani Ujiji mpaka mbuzi wa pale wakamzoea, akapata leseni, akarudi kwa mumewe. Kigari kilibaki kumfuata, na wa kukipeleka nikachaguliwa mimi.

Kule Kongo tulielezwa kwamba gari la mtu mwenye ulemavu linapata unafuu wa ushuru. Masharti ni matatu. Liwe lake kweli, liwe na kifaa chake cha kuendeshea, na liingie tupu. Tupu kabisa, hata mkeka usiwemo. Likiwa na mizigo linahesabiwa gari la biashara, na kodi yake ni ya kuuza nyumba, tena si nyumba moja. Asiyelipa, gari linarudi na meli hiyo hiyo iliyolileta. Nilielezwa hayo mara tatu, na mara zote tatu nikaitikia kwa kichwa. Mimi nimemaliza kidato cha nne shule ya jioni nikiwa na ndevu na wajukuu wawili. Kuelewa sheria hakunishindi. Kilichonishinda ni majirani.

Kigoma, bandarini: siku mbili za kusubiri winchi

Asubuhi ya kwanza mambo yalikwenda kama maji. Gari lilikaguliwa, likaonekana tupu kama ngoma. Betri ikafunguliwa, mafuta yakaachwa kidogo chini ya tangi, nikapewa karatasi ya kusema gari ni tupu. Nikaikunja, nikaiweka mfuko wa shati karibu na moyo.

Kisha winchi ya meli ikagoma. Ilinyanyua saruji, ikanyanyua mabeseni ya plastiki, ilipofika zamu ya kigari ikatoa mlio kama wa ng'ombe anayejifungua na kunyamaza. Msimamizi wa upakiaji, mzee mmoja mfupi mwenye sauti ya watu sita, akatutangazia tusubiri.

"Mpaka saa ngapi, mzee?"

"Saa si tatizo. Uliza siku."

Nikatoka kwenda kula. Hilo ndilo kosa langu. Ningekaa na njaa, safari hii isingekuwa na hadithi.

Mnajua watu wetu. Hakuna mtu wa Kigoma anayevuka ziwa mikono mitupu kwenda kwa ndugu, na gari, kwa hesabu zetu, ni mikono mikubwa tu. Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu, Mama Rama, na jirani wanne kibarazani, sindano za kushonea magunia mikononi. Vifurushi vilikuwa vimeshonwa kwenye vitambaa, kila kimoja kimeandikwa kwa wino jina la ndugu wa Kalemie.

"Mama Rama, gari linatakiwa kuingia tupu."

"Tupu?" Aliangalia wenzake. "Mwasikia? Anakwenda kwa watu na gari tupu. Mabawa ya mlango yakifunguliwa Mwajuma atatoa nini humo, upepo?"

"Ni sheria."

"Sheria inamjua shangazi yako Bi Nyota? Ameagiza chumvi ya Uvinza tangu mfungo uliopita. Wewe kamwambie sheria."

Jirani mmoja naye alishaniwekea sahani ya ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa kukaanga, jambo ambalo katika mabishano si la haki. Nikabeba vifurushi vitatu. Vitatu tu, nilijiambia, vinaingia chini ya kiti. Jioni vikafika tisa. Kesho yake habari zikafika Ujiji kwamba winchi haijapona, na kila nilipotoka geti la bandari kulikuwa na mama mmoja ananisubiri na salamu ya Kiha. "Mwakeye, baba! Kidogo hiki tu, hakina uzito." Nikabeba, nikavisukumiza garini. Nadhani vilikuwa mia tatu. Mama Rama, ambaye alikuwa na orodha, anasema ishirini na sita.

Winchi ilipopona, gari likafungwa mikanda na kupaa. Yule mzee mfupi akaliangalia linavyoyumba.

"Hiki kigari mbona kizito? Umepakia ukoo mzima?"

"Chuma cha Kijapani, mzee. Kinadanganya macho."

Sikusema uongo kikamilifu.

Majini

Tulitoka alfajiri. Abiria tulikaa juu ya magunia ya saruji, na mimi nikachagua gunia lililo karibu na kigari changu, kama mtu anayechunga mbuzi wa mahari. Upepo ulikuwepo, siwafichi. Mawimbi yalikuwa marefu kuliko minara, na anayesema yalifika magotini mwa nahodha tu, basi nahodha wake alikuwa mrefu.

Jirani yangu wa saruji alikuwa Mama Furaha, mfanyabiashara wa vitenge, mzaliwa wa Kalemie, ambaye anavuka ziwa hili kama sisi tunavyovuka barabara. Alinikaribisha chikwanga, ule mkate wao wa muhogo uliofungwa kwenye majani, na sombe baridi, kisamvu chetu. Sombe ya baridi majini, jamani, ningeandika ukurasa mzima. Nilipokuwa natafuna akanusa hewa.

"Papa, gari yako inanuka samaki."

"Ni upepo wa ziwa."

"Upepo wa ziwa hauna chumvi na bizari." Akasogea, akachungulia dirishani, akarudi polepole. "Ile gari ni ya nani?"

Nikamweleza yote: dada, miguu, mkono wa chuma, unafuu, na sharti la tupu. Akaacha kula.

"Unaleta gari ya mugonjwa, na ndani umejaza soko? Shefu wa forodha atakuangalia namna gani?"

"Ni zawadi, mama."

"Kila mufanyabiashara ninayemujua anasema ni zawadi. Miye mwenyewe nimesema zaidi ya mara moja."

Tangu hapo sombe haikuniingia tena. Nilifikiria kuvitupa vifurushi majini. Niliinuka kabisa, nikafungua mlango, nikashika cha kwanza. Kilikuwa kimeandikwa kwa mkono wa bibi ambaye hakusoma sana, herufi zikienda juu na chini kama mawimbi yenyewe. Nikakirudisha, nikafunga mlango.

Kalemie, siku ya kwanza: buti lafunguliwa

Da Mwajuma alikuwa ametangulia bandarini tangu mchana. Shemeji Kabeya alimleta na baiskeli, akamwekea kiti cha plastiki mlangoni mwa banda la forodha. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na mapajani ameshika ile leseni yake kama mtu aliyeshika Kitabu. Kigari kilipoteremshwa na kugusa ardhi ya Kongo alipiga kigelegele kimoja, kikali, mpaka wapakuzi wakajibu.

"Shikamoo, Da Mwaju!"

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda."

Sijakonda. Ni heshima tu.

Afisa wa forodha, ambaye kila mtu alimwita Shefu, alikuwa mtu mrefu mtaratibu, kalamu nyuma ya sikio, muhuri ameufunga kamba shingoni. Alisoma karatasi zangu moja moja. Akafika kwenye ile ya kusema gari ni tupu. Akaisoma, akavuta pumzi kwa pua, akaisoma tena.

"Fungua buti."

Nikafungua. Vifurushi havikusubiri. Viwili vikaruka nje vyenyewe, kimoja kikamwangukia Shefu mguuni.

Akakiokota, akasoma jina lililoandikwa kwa wino.

"Karatasi inasema tupu," alisema Shefu. "Macho yangu inasema boutique, duka kabisa. Sasa niamini nani?"

"Shefu, zile ni zawadi za ndugu."

"Ndugu makumi mbili na zaidi?"

"Huyu ni mutu wa Kigoma, Shefu," akaingilia Mama Furaha, ambaye alikuwa anangoja vitenge vyake vikaguliwe. "Kule watu bako hivyo."

Shefu hakucheka. Akaeleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Kila wiki, alisema, kuna mtu anapitisha gari kwa jina la mlemavu. Linapata unafuu, likitoka getini linageuka teksi au duka, na yule mlemavu haoni hata taa yake. Juzi tu alimzuia mmoja. Sasa mimi nimekuja na gari la ulemavu lililojaa bidhaa na karatasi isiyo ya kweli. Meli inarudi Kigoma kesho jioni. Kama hakuna ushahidi kabla ya hapo, gari linarudi nayo, na maombi ya unafuu hayarudiwi.

Sikuthubutu kumtazama dada. Nilipomtazama, hakuwa analia. Alikuwa anaangalia kigari kupitia mlango ule wazi, anauangalia ule mkono wa chuma.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilielezwa. Nikabeba tu."

"Najua ni wewe," akasema. "Ungekuja na gari tupu ningekuuliza nani kakuloga."

Kisha akamgeukia Shefu.

"Shefu, mchuuzi anajua kilichomo mzigoni kwa sababu amekinunua. Anakijua yeye peke yake. Ndugu anajua kwa sababu alikiomba. Kwetu hatushoni kifurushi kwa kubahatisha. Mtu ameagiza, miezi mingine anaagiza mwaka mzima. Vifungie vyote ofisini kwako. Kesho waite wenye majina, kila mmoja aseme kilichomo kabla hujakata uzi. Wakikosea, gari lirudi."

Shefu alizungusha muhuri kwenye kamba yake.

"Na mumoja tu akikosea?"

"Nimeshasema."

Mimi ningeomba angalau makosa matatu. Yeye hakuomba hata moja.

Kalemie, siku ya pili: wenye majina

Shemeji Kabeya aliendesha baiskeli mji mzima. Mimi nilipiga simu mpaka sikio likawa na joto la pasi. Saa tatu asubuhi walianza kufika: mashangazi, mabinamu, mke wa mjomba, wazee wa Kimanyema waliohamia huko zamani, wote wamevaa kama wanakwenda harusini. Nawaambieni walijaa mpaka ziwani. Mama Furaha naye akafika, hana jina kwenye kifurushi chochote, amekuja tu na kigoda chake kutazama.

Shefu akaketi mezani na wembe.

"Kifurushi namba moja. Mama, ndani kuna nini?"

"Dagaa, mwiko wa mti, na picha ya mjukuu wangu aliyemaliza la saba."

Wembe ukapita. Dagaa. Mwiko. Mtoto amesimama na cheti.

"Namba mbili?"

"Dagaa, na dawa ya mgongo ya kupaka, kopo la kijani."

Dagaa. Kopo la kijani.

Ilipofika ya saba Shefu aliweka wembe chini. "Ngojeni kwanza. Kila mutu dagaa. Dagaa ya ziwa hii hii! Hapa tunaivua kila siku, pale, ninaiona na macho. Juu ya nini inavuka ziwa kuja kwa ndugu yake?"

"Za kwenu hazijui kukaushwa," akasema shangazi mmoja bila kuogopa serikali.

"Zetu hazijui?"

"Zinanyauka tu, baba. Kukauka ni kitu kingine."

Bandari yote ikaingia kwenye mjadala ule, wapakuzi upande mmoja, mashangazi upande mwingine, na nilimwona Shefu akiandika kitu kidogo pembeni ya kitabu chake. Baadaye Mama Furaha aliniambia alichungulia, na kilichoandikwa ni kwamba hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayeleta dagaa Kalemie.

Tukaenda hivyo, kumi, kumi na tano, ishirini. Hakuna aliyekosea. Nikaanza kusimama wima. Ishirini na tano. Nikaanza hata kuzungumza na watu.

Ishirini na sita ilikuwa ya Bi Nyota, shangazi yetu mwenyewe, mwembamba, mkali, mwenye fimbo ambayo haimsaidii kutembea bali kusisitiza.

"Mama, ndani kuna nini?"

"Chumvi ya Uvinza na kanga doti moja. Vipande viwili, vyekundu. Nimeagiza kwa mdogo wangu Tausi, yuko Ujiji."

Wembe ukapita. Chumvi ikatoka. Kanga ikatoka. Shefu akaikunjua, akaitikisa, akatazama ndani ya kitambaa, akakigeuza nje ndani.

Kipande kimoja.

Da Mwajuma alifumba macho. Nilihisi kigari kinapaa kwenye mikanda, kinarudi melini, na mimi narudi nacho kuwaambia ndugu saba tuliochanga kwamba nimekipoteza kwa sababu ya tumbo langu.

"Moja," alisema Shefu taratibu.

"Moja?" Bi Nyota akainuka. "MOJA? Tausi! Nani ana simu? Lete simu!"

Nikampa yangu. Akabonyeza asichokijua, sauti ikatoka nje, wote tukasikia.

"Halo, dada? Shikamoo dada, mzigo umef—"

"Kanga yangu iko wapi?"

"Si imo humo, dada."

"Imo moja! Kanga gani inakwenda moja, mimi ni nusu mtu? Iko wapi ya pili?"

Upande ule wa ziwa jogoo akawika.

"Tausi."

"Dada, usikasirike."

"Tausi, umevaa nini sasa hivi?"

"…Ilinipendeza, dada."

Sijui nani alianza. Nadhani ni mpakuzi mmoja juu ya magunia. Kicheko kikashuka kama mvua, mashangazi wakashikana mabega, Mama Furaha akaanguka kutoka kwenye kigoda. Bi Nyota peke yake hakucheka. Alikuwa bado anamtukana mdogo wake kwa Kiha, kwa Kimanyema, na kwa lugha nyingine aliyoibuni palepale, akimkumbusha na sufuria aliyomwibia kabla ya harusi. Na Shefu, yule mtu mtaratibu, aliondoa kalamu sikioni, akafuta macho.

"Shefu," akasema Da Mwajuma, sauti ndogo. "Amekosea."

"Hapana," akasema Shefu. "Yeye hakukosea. Ameibiwa. Mufanyabiashara haibiwi na mudogo wake halafu akamupigia simu mbele ya serikali." Akafunga kitabu. "Hii ni ndugu. Hakuna mutu anaweza kuigiza hii."

Akaniadhibu kwa ile karatasi ya tupu, kwa haki kabisa: nilifagia banda lake lote, chumvi na magamba ya dagaa, mbele ya shangazi zangu wakinielekeza kona nilizoruka.

Getini

Likabaki jambo moja. Shefu alitaka kuona kwa macho yake kwamba ule mkono wa chuma unaendesha gari, na kwamba mwenye jina ndiye mwendeshaji.

Tukafunga betri, tukatia mafuta. Shemeji Kabeya akambeba mkewe kutoka kwenye kiti cha plastiki, akamweka nyuma ya usukani, akamkunjia kitenge kisibanwe na mlango. Dada akashika mkono wa chuma.

"Kumbuka huku wanapita kulia," nikamwambia dirishani. "Si kama Ujiji. Na usivute kwa nguvu, na pale kwenye saruji—"

"Mdogo wangu."

"Naam, dada."

"Toa kichwa chako humo."

Akavuta. Kigari kikasogea, kikaruka kidogo, kikatulia. Akazunguka rundo la saruji mara moja polepole, mara ya pili vizuri, mara ya tatu akapiga honi bila sababu yoyote. Akasimama mbele ya Shefu, pua ya gari hatua mbili kutoka kwenye viatu vyake. Shefu hakurudi nyuma. Akashika muhuri shingoni, akainama, akagonga karatasi palepale juu ya boneti. Mashangazi wakapiga vigelegele ambavyo naamini mlivisikia Kigoma.

Geti likafunguliwa. Mimi na shemeji tukaanza kukusanya vitu vyetu ili tupande. Nilikuwa nimeinama kuchukua begi langu niliposikia gari limekwenda.

Alipita getini, akakata kulia inavyotakiwa, akafika barabarani, na hakusimama. Tuliona vumbi, kisha tukaona vumbi limekaa chini. Shemeji alikuwa ameshika baiskeli yake, anaangalia kile kiti cha nyuma kama amekiona leo.

Baada ya muda Shefu akatoka na karatasi moja aliyoisahau.

"Madame Mwajuma iko wapi?"

Nikainua kidole nimwonyeshe. Tangu nizaliwe, ukiniuliza dada yuko wapi nilijua, kwa sababu yuko pale tulipomweka. Mgongoni mwa fulani, kwenye kiti fulani, nyuma ya baiskeli ya Kabeya.

"Sijui, Shefu," nikasema.

Shemeji akalirudia lile neno, taratibu, kama anajaribu kiatu kipya. "Hatujui." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini ya lile geti, machozi yanatoka, na Shefu akakaa naye, na mimi nikakaa.

Alirudi alasiri. Kioo cha mbele kilikuwa na vumbi jekundu, na magurudumu yalikuwa yamelowa mpaka katikati. Hakusema alikokwenda. Nimewasimulia kila kitu, ndugu zangu, na mengine nimeyaongezea kidogo, lakini hilo msiniulize. Mumewe hajui, Bi Nyota hajui, na mimi nimeapa kutouliza.